Maisha ya Kaka Yetu, Fundi "Nani Atarudisha"

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wenzake, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kusoma historia hii, nami naomba mnivumilie, maana mpaka saa hii siiamini karatasi niliyoishika.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1972, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi saa na mama mshonaji, alianza shule ya msingi Januari 1980, akaingia sekondari mwaka 1987, na mwaka 1996 akahitimu stashahada ya elektroniki, mwalimu wake akimwandikia kuwa ni hodari lakini mbishi, sifa ambazo hakuziacha hata moja.

Tarehe 2 Februari 1998 aliajiriwa katika karakana ya mashine za hospitali, chumba cha ghorofa ya chini chenye feni moja na dirisha lisilofungika, akajifunza lugha ya C, ya kuandikia programu za kompyuta, kwa kitabu kisicho na jalada, kisha akawafundisha wenzake, lakini vielekezi vya lugha hiyo viliwatoa jasho mpaka alipotundika ukutani funguo za makabati, akawaeleza kwamba kielekezi hakibebi kitu, kinakuonyesha tu kabati lililokihifadhi, na ukipoteza ufunguo kabati linabaki limefungwa, wewe hulitumii na mwingine hapewi, kwa hiyo mtu asiombe nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta kabla ya kusema nani atairudisha. Swali hilo likawa jina lake, akalihamishia hata nyumbani, ambako hakuna aliyechukua kikombe bila kuulizwa, wageni wakiwemo.

Alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 2000 na mwalimu wa hisabati, ambaye alimkubali, kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa hakuwahi kukutana na mwanamume anayerudisha vitu, wakajaliwa binti mwaka 2002 na mapacha wa kiume mwaka 2006.

Machi mwaka huu alianza kubanwa na kifua kila alipopanda ngazi, akadai ni uchovu tu, mkewe hakudanganyika, akamwambia mganga hajigangi, akampangia siku za kumwona daktari wa moyo. Wakati huohuo mashine ya kupima mapigo ya moyo ya watoto wachanga wodini ilikuwa ikiganda kila baada ya siku tisa, wauguzi wakabaki kuhesabu mapigo kwa vidole, marehemu akaipekua programu yake kwa wiki kumi, na Jumatatu, tarehe 9 Juni, akauona mstari mmoja ambapo kielekezi kilipewa anwani mpya kabla nafasi ya zamani haijarudishwa, ikawa kila dakika nafasi inapotea mpaka kumbukumbu inajaa na mashine inaganda. Mstari huo aliuandika yeye mwenyewe mwaka 2019, akawaita mafundi na wauguzi wote, akakiri kwamba kosa ni lake, akalirekebisha mbele yao.

Kesho yake, Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alianguka kwenye ngazi za karakana, wenzake wakambeba mpaka chumba cha dharura, daktari akahangaika naye dakika arobaini, ikashindikana. Hakuaga mtu, chai yake ilikuwa bado ya moto mezani, nasi tumepigwa na butwaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia na kulala nasi, na uongozi wa karakana, tunamshukuru pia fundi wa meza ya pili, ambaye juzi hapa msibani alitueleza tusilolijua, kwamba mara tatu ambazo marehemu aliaga nyumbani kuwa anakwenda kwa daktari, hakwenda, alikaa wodini kando ya mashine ile, akisubiri aone inavyoganda. Shemeji yetu, mkewe marehemu, aliposikia aliuliza wale watoto wa wodini wanaendeleaje, akajibiwa kuwa ni wazima.

Pumzika kwa amani, kaka, ingawa tumekukasirikia.