Mndimu Uliotoboa Debe

Benchi letu lilikuwa taruma moja la reli lililochakaa, tumeliweka juu ya mawe mawili mkabala na stesheni ya Voi, na mwenye kahawa nilikuwa mimi. Nasema hivyo mapema kwa sababu mwenye dele la kahawa husikia upuuzi wote wa wateja, na hawezi kuondoka. Wateja wangu wa asubuhi walikuwa wanne. Kulikuwa na Breki, yaani Donald, gadi wa zamani wa treni za mizigo, ambaye kila jambo duniani alilihukumu kwa kanuni za reli. Kulikuwa na Jaji, yaani Thadeus, aliyefagia korti miaka sita akatoka na maneno yote ya korti bila mshahara wake. Kulikuwa na Gibson Mwandawiro, Mdawida, yaani Mtaita, wa kule Mwanda milimani, tuliyemwita Mipaka kwa sababu alikuwa akigombana na kakake Alexander juu ya mpaka wa shamba la huko tangu vita vya Hitler. Wa mwisho alikuwa Maundu, kuli wa stesheni, mtu wa Kitui. Huyu tulimwita Debe.

Jina hilo lilikuwa na sababu. Maundu hakuwa na ardhi hapa, kwa hiyo Mwandawiro alimwazima kipande chake kando ya mto, akajenga kibanda na kulima mahindi na kunde. Sharti lilikuwa moja, lile lile la huku kwetu: mgeni apande kitu kinachovunwa kikaisha. Mti asipande, maana mti hukaa, na mwenye mti siku moja huamka akajiita mwenye shamba. Maundu akaitikia ndiyo, kisha akaenda kuokota madebe ya mafuta ya taa na mikebe ya rangi, akaotesha miti humo. Mikaratusi, michungwa, mindimu, yote imejipanga ukutani pale kama watoto wa skuli wanaongoja kupigwa picha. Watu walikuja kuchukua miche hiyo kutoka mbali, wengine kutoka Chala, na Mwandawiro hakuwa na neno. Mpaka asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na sita, alipofika kwangu na udongo mikononi, amevimba kwa hasira.

— Leo nimejaribu kuinua debe la mndimu wa huyu mtu, akasema. Halikuinuka.

Breki akacheka.

— Umezeeka tu, Mwandawiro.

— Sijazeeka! Nimeinama nikachungulia chini. Mizizi imetoka kwa matundu ya debe, imeingia kwa ardhi yangu. Huyu amepanda mti!

Maundu alishusha kikombe polepole.

— Mimi sijapanda mti, mzee. Mimi niliweka debe.

— Debe lenye matundu!

— Bwana shamba mwenyewe alisema toboa, maji yapate njia. Nikatoboa ya maji.

— Na mizizi ikapita hapo hapo. Ulijua itapita.

— Ningejua ningeweka jiwe chini. Nilisahau huo mmoja tu, mzee. Hebu nenda uinue ile mingine yote.

Mwandawiro hakutaka kuinua kitu. Alitaka Maundu ahame. Alimpa mpaka Jumapili, yeye na mkewe Nduku na kibanda chao na mabati yao yote. Na mahindi yao ndiyo kwanza yalikuwa yametoa ndevu, yamebakiza wiki tatu au nne. Mtu anayemwambia mwenzake aache mahindi ya ndevu shambani huwa ameshapanga nani atakayeyachoma, na mimi nilichukizwa, sifichi. Lakini nilimmiminia kahawa kama wengine.

Breki alikuwa wa kwanza kutoa hukumu.

— Hii kwa reli ni rahisi sana. Behewa ukiliacha pembeni bila kulifunga breki, likateleza likaingia laini kubwa, unamshtaki nani? Behewa? Hapana. Unamshika aliyeliacha. Debe, wewe uliacha mti bila breki.

— Mti unafungwa breki namna gani, Donald?

— Hiyo ni kazi yako kujua. Na mnaufanyia mchezo huo mzizi. Mzizi hutembea usiku, futi nzima kwa saa moja. Nilishuhudia mwenyewe kule Mackinnon, mkwaju ulisukuma tangi la maji mpaka likaangalia Mombasa.

— Futi kwa saa? nikauliza. Basi ule mndimu saa hii uko wapi?

— Wewe unacheza. Hesabu. Tangu masika? Huo umepita Mwatate zamani. Kesho utasikia watu wa Mboghoni wanalia mifereji yao imekauka, kumbe mndimu wa Debe unakunywa maji yao kutoka hapa Voi.

Mwandawiro alishika kichwa kana kwamba barua ya watu wa Mboghoni imeshafika kwake.

Jaji alikohoa. Jaji akikohoa hivyo, ujue kahawa yangu itapoa hajaigusa.

— Waheshimiwa. Hapa kuna mzizi ulioingia shamba la mtu bila idhini. Mzizi huo ni mshtakiwa nambari moja. Debe ni kielelezo. Maundu ni mshtakiwa nambari mbili kwa kuwa alimlea mshtakiwa nambari moja.

— Na matundu? Breki akauliza.

— Matundu ni mashahidi. Sasa, mti wenyewe una sehemu mbili. Sehemu iliyo ndani ya debe ni ya Ukambani. Sehemu iliyo chini ya debe ni ya Taita. Sheria inataka ukatwe katikati kwa msumeno mbele ya askari, kila mmoja achukue chake.

— Ndimu zitakuwa upande gani?

— Ndimu zitakata rufaa.

— Mimi sitaki ndimu! Mwandawiro akapiga taruma kwa kiganja. Nataka shamba langu! Leo ni mndimu, kesho ni mchungwa, kesho kutwa huyu anasimama kwa chifu anasema babu yake alizaliwa hapo.

— Babu yangu alizaliwa Kitui na akafia Kitui, mzee, na hajawahi hata kupanda treni, Maundu akasema. Nipe wiki nne tu. Mndimu nitaukata leo. Nitaukata kwa panga langu, uje uangalie.

Alisema "nitaukata" kwa sauti ya chini. Aliuleta mti ule kama mbegu mfukoni, akaumwagilia maji ya kunawia uso, na mwaka huo ndio ulikuwa unatoa maua mara ya kwanza. Nilitamani Mwandawiro akubali hapo, tumalize. Lakini alikuwa ameonja utamu wa kushinda.

— Ukikata ndiyo umekiri ni wako, akasema. Na aliyepanda ni aliyepanda, hata akikata.

— Lakini sikuutia ardhini!

— Kutia ardhini si kupanda! Jaji, mwambie. Mti unahesabiwa ni wa nani kuanzia lini?

Jaji akainua kidole.

— Kuanzia mbegu.

— Umesikia? Siku ile ulipotia mbegu kwa debe ndiyo siku uliyopanda. Anayeuhamisha baadaye amebeba mzigo tu, hata punda hubeba. Mti ni wa aliyeuotesha, na pale mti uliposimama ni pake.

— Kabisa, Breki akasema. Mzigo ni wa aliyeandikwa kwa lebo. Si wa gadi.

— Korti imekubali, Jaji akasema.

Nikamuuliza Mwandawiro, kwa vile dele lilikuwa mkononi mwangu na mwenye dele ana haki ya swali moja:

— Una hakika, bwana? Ni wa aliyeotesha, wala si wa aliyeutia ardhini?

— Hata mbele ya chifu nitasema hivyo hivyo!

Maundu alikuwa anatazama vidole vyake, nadhani anahesabu siku za kufika Jumapili.

Hapo ndipo lori la kabichi kutoka milimani liliposimama kando ya barabara, akashuka Wakesho, mkewe Mwandawiro, na kikapu kitupu. Alitusalimia wote, akamtazama mumewe kidogo, kisha akamgeukia Maundu.

— Baba Wanza, ile mikaratusi uliyoniahidi iko tayari? Mbuzi wa Alexander wamekula minane pale mpakani. Nataka nijaze mapengo kabla ya Alhamisi, chifu akija kuamua mpaka aikute imesimama yote.

— Iko, mama, Maundu akasema. Ni mizuri, imefika gotini. Lakini hapa sheria imebadilika tangu kikombe cha pili.

— Sheria gani?

Jaji angenyamaza tungekuwa salama. Lakini Jaji hajawahi kuulizwa sheria akanyamaza. Alimweleza yote, mndimu, mizizi, Jumapili, na mwisho akamsomea hukumu kwa sauti ya korti: mti ni wa aliyeuotesha, aliyeuhamisha ni mbeba mzigo, na pale uliposimama ni pa mwenye mbegu. Mumeo mwenyewe ndiye aliyeitoa, akaongeza kwa heshima.

Wakesho aliweka kikapu chini.

— Baba Dinah, akamwambia mumewe bila kupandisha sauti, ule mstari wetu wa mikaratusi kule Mwanda, ule tunaomwonyesha chifu kwamba mpaka ni wetu, yote thelathini ilitoka kwa madebe ya Baba Wanza. Mimi niliibeba kichwani. Sasa Alhamisi chifu akiniuliza mpaka ule ni wa nani, nimjibu nini?

Breki akageuka kutazama signali, ingawa hakuna treni iliyokuwa ikitarajiwa kabla ya adhuhuri. Jaji akakumbuka kahawa yake, akaikuta imepoa, akainywa hivyo hivyo. Mwandawiro akaninyooshea kikombe. Nikaliinamisha dele mbele yake aone mwenyewe machicha yaliyobaki.

— Imekwisha, nikamwambia, na nilifurahi kumwambia.

— Sijajibiwa, Wakesho akasema.

Maundu akainuka, akachukua kikapu cha mama yule.

— Twende nikupe miche, mama. Ukifika, itie ardhini kwa mkono wako mwenyewe. Chifu akiuliza, mwambie huyo Mkamba wa Voi hajapanda mti hata mmoja Taita nzima.

Akamgeukia Mwandawiro, akangoja. Mwandawiro alisugua udongo uliokauka kwenye viganja vyake, akasugua tena, udongo usitoke.

— Kweli, akasema mwishowe. Hajapanda.