Nani Kakizima Kinanda

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha ushonaji, na wakaaji wake ni walewale. Yupo Redio, asiyetembea bila redio yake ya mkononi na asiyemsikiliza mtu. Yupo Hakimu, karani mstaafu wa mahakama, anayehukumu hata kuku wa jirani. Na yupo Mzito, dereva wa lori, anayenyamaza mpaka umsahau. Mdogo wake Mzito alifariki akaacha kinanda cha umeme, kikawa kinakaa ndani kwangu, maana kwa Mzito ni chumba kimoja na watoto watano. Miezi ya mwisho ya ugonjwa wake, marehemu alishinda anakorogakoroga vitufe vya sauti, apunguze huku, aongeze mtetemo kule, hadi akapata sauti ambayo kiwandani hawakuiweka. Kuihifadhi hakujua. Alituachia agizo moja: msikizime, kikizimika imefutika. Miezi minane hatukukizima. Mzito alikipiga kila jioni, na umeme ukikatika, betri zilizomo tumboni zilikishikilia. Jumamosi hii binti wa marehemu anaolewa, na ameomba aingie ukumbini kwa sauti ya baba yake. Jana mimi nilichomoa waya wa kinanda nikachomeka pasi, kinanda kikazimika. Nasema mapema ili msinitafute.

— Ulichomoa kwa nia gani? Hakimu akaniuliza, kikombe cha kahawa mkononi.

— Nia gani tena? Suruali ya mteja ilikuwa na mikunjo. Nilijua betri zimo.

— Na betri zilikuwa wapi?

Hapo macho yote yakahamia kwenye redio. Ilikuwa inatangaza mpira kwa nguvu, imeshiba.

— Niliziazima, akasema Redio. Za mechi moja tu. Si waya ulikuwa umechomekwa?

— Kwa hiyo wewe ulitegemea waya, na huyu alitegemea betri.

— Ndiyo hivyo.

— Mngekuwa mbele yangu, ningewafunga seli moja.

— Hukuwahi kufunga mtu wewe, Redio akamjibu, ulikuwa unabeba mafaili.

Nilitamani kucheka, ila Mzito alikuwa amekaa pale, anaangalia viatu vyake.

— Halafu sauti haifi, Redio akaendelea. Imetoka tu. Iko hewani. Usiku ukitulia nikizungusha hiki kitufe taratibu, naikamata.

— Hewani iende kufanya nini? Hakimu akamkatiza. Sauti ile ni umeme. Umeme ulihama ukaingia wapi? Kwenye pasi. Basi imo kwenye suruali ya mteja.

— Mteja kashaichukua, nikasema.

— Kaifuate.

— Nimwambie nini, avue?

— Au marehemu mwenyewe kaja kuichukua, Redio akasema. Kachoka kusikia inavyopigwa.

Hilo halikumchekesha mtu. Mzito akainua kichwa.

— Harusi ni Jumamosi, akasema. Nimeshamwambia mtoto ipo.

Tukanywa kahawa. Ilikuwa chungu, na hakuna aliyeilalamikia.

Ndipo akaja mama mmoja na mkoba wa bisibisi, fundi wa vinanda, aliyeitwa na Hakimu bila kutuambia. Tukakitoa kinanda nje, tukavuta waya mrefu, akakiweka magotini. Akasikiliza kesi yote bila kumlaumu mtu.

— Mbona jambo dogo, akasema. Alivyoitengeneza yeye, na mimi naitengeneza. Vitufe ni vilevile. Mna hata kipande mlichorekodi kwenye simu?

— Turekodi ya nini, nikasema, wakati ilikuwepo kila jioni?

— Haya, si neno. Niambieni tu, ilikuwa inalia vipi?



— Ilikuwa nzuri, akasema Redio.

— Nzuri vipi, kaka? Ukigusa inaanza papo hapo, au inakuja polepole?

— Papo hapo.

— Polepole, akasema Hakimu.

— Na ukiachia kidole, inakatika au inabaki kidogo?

Mimi nimeshona miezi minane ile sauti ikiwa mgongoni kwangu. Nilifumba macho niitafute, nikasikia cherehani yangu. Nikaona aibu.

— Wewe ndiye uliyekipiga, mama akamgeukia Mzito. Nionyeshe kwa mdomo.

Mzito akavuta pumzi, akaanza, akaacha.

— Nilikuwa nikipiga namuona yeye, akasema. Sikuwa nasikiliza.

Mama akaanza kujaribu. Alishusha kitu, akapandisha kingine, akagusa noti ileile.

— Hii?

— Hapana.

— Hii?

— Inakaribia, akasema Redio.

— Haikaribii hata kidogo, akasema Hakimu.

Mara ya sita au ya saba Mzito akanyoosha mkono juu ya vitufe.

— Iache hiyo, dada. Ndiyo hiyo. Ihifadhi.

Mama akabonyeza, kinanda kikaandika kwamba imehifadhiwa. Redio akashusha pumzi, Hakimu akasema shauri limekwisha.

Haikuwa yenyewe. Mzito alijua, nami nilijua, na nilimsaidia kukibeba kurudi ndani.