Mtungi wa Kuombwa

"Shikamoo, baba. Huo mtungi ni wa safari au wa akiba?" mama mmoja alimwuliza mzee aliyekumbatia mtungi wa petroli kwenye tuktuk yetu, tulipotoka Muyeye.

"Marahaba. Wa akiba. Kesho twaenda bahari kuu siku tatu. Mafuta ya kwenda na kurudi yako botini tayari."

"Mmoja hautoshi, baba. Mume wangu naye atoka kesho. Huko nje akikwama akakuomba mafuta, utamnyima?"

Mzee alicheka. "Nimwache aelee hadi Somalia? Baharini hakuna kunyimana."

"Basi hiyo akiba si yako. Beba miwili, mmoja wa kuombwa."

"Mama wee! Wavuvi wakijua nina miwili, wote watatoka na matangi nusu. Mwambie abebe wake."

"Hubeba. Ila akiona jodari huwafuata tu, mpaka mafuta ya kurudi yaishe." Niligeuka nje nisionekane nikicheka, lakini sauti ya mama ilikuwa imepungua. Nikaacha kucheka.

"Ni nani huyo mumeo?"

"Chengo wa Barani, mwenye boti ya kijani."

"Chengo!" Mzee aliupiga mtungi kofi. "Mwaka huu ameshaninywea akiba mara tatu!"

"Najua, baba. Ndiyo maana nilipokuona nikapanda tuktuk hii."

Tukasimama penye soko la samaki. Mzee alishuka na mtungi wake, akatazama kule ziliko boti, kisha akageuka kutazama kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara.