Malkia wa Bure

Kijiwe chetu cha Majengo ni benchi moja, ubavuni mwa duka la Alnashir la misumari na bati. Ukutani juu ya benchi pameandikwa kwa rangi ya bluu: BINGWA WA DRAFTI – JAMALDINI. Maandishi hayo ni ya mwaka sabini na tisa na hayajapata wa kuyafuta. Sasa ni tisini na nne, kila kitu ruksa, na kampuni ya soda inataka kuupaka ukuta wote rangi nyekundu Jumatatu. Jamaldini akagoma. Alnashir, mtu wa masihara, akamwambia: "Nishinde sataranji hata mara moja kabla ya Jumatatu, jina libaki." Jamaldini akautazama ubao, akahesabu miraba sitini na minne ileile ya drafti, akasema ubao wa namna hiyo haujamshinda bado. Akafundishwa siku mbili, jana baada ya sala ya Ijumaa akacheza, na kwenye hatua ya saba mfalme wake akafa. Leo vumbi la Agosti linaingia mpaka vikombeni, na kijiwe kimepanga vizibo vya soda badala ya vipande kuuchunguza msiba.

— Turudie, akasema Hanifu, tunayemwita Redio kwa kupenda idhaa za nje. Alnashir alianza na nini?

— Askari wa mfalme, akajibu Jamaldini. Kisha farasi, kisha askofu. Anasema ni ufunguzi wa kale, wa Kiitaliano.

— Mtaliano! Juzi kapaisha penalti kule Amerika dunia nzima inaona, leo aje akufunge wewe Majengo?

— Nimesema ufunguzi, Redio. Mimi nikambana farasi wake kwa askofu wangu, malkia wake yuko nyuma. Akimwondoa tu, malkia yuko wazi. Na akamwondoa! Nikamla malkia.

Kijiwe kikashangilia upya, kana kwamba malkia kaliwa sasa hivi.

— Hapo hukukosea, akasema Mrisho muuza kahawa. Mla ni mla leo. Halafu?

— Halafu askofu wake akala askari aliye jirani na mfalme wangu. Nikamsogeza mfalme. Farasi wake wa pili akaruka katikati. Basi, sina pa kwenda.

Yahaya akakohoa. Huyu alifagia mahakama miaka kumi na moja, na kwa hiyo anaitwa Wakili.

— Kila upande una maaskofu wangapi?

— Wawili.

— Mashehe?

— Hakuna.

— Hata mwadhini?

— Hata mwadhini.

— Basi uliingia kwenye shauri bila shahidi hata mmoja. Mchezo batili! Halafu vile vipande ni plastiki ya Dubai. Farasi gani anakwenda mbele, kisha anapinda? Punda wa kule kijijini Gulwe unamwona anapinda?

— Nyie hamuoni mbali, akasema Redio. Hii ni Benki ya Dunia. Mkono wa kulia wanakupa malkia, mkono wa kushoto wanaondoka na mfalme. Si ndivyo viwanda vilivyokwenda? Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Kitaingia tu, Mrisho. Usiwe na haraka.

Mrisho akatikisa kichwa, akamgeukia Jamaldini kwa upole.

— Kaka, kubali yaishe. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

— Basi mimi si mshindani! Jamaldini akafoka. Mimi ni bingwa! Ghala la shirika nimelilinda miaka ishirini, wamenipunguza kazini kwa barua ya mistari minne, na jina langu wamelikosea. Mahali pekee lilipoandikwa sawasawa ni hapa. Nife ndipo walipake soda.

Akakibwaga kikombe kwenye benchi, kahawa ikaruka mpaka kwenye vizibo.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja, Priska, muuza uwele, kapu lake tupu miguuni, akisubiri muda wa treni. Alikuwa amewasikiliza tangu mwanzo.

— Shikamooni. Samahani, baba. Huyo malkia, nani alikulazimisha umle?

Wakili akaanza kutafuta kifungu cha sheria. Kwenye drafti, kula ni lazima. Ukiacha kula, kete yako inaondolewa; sataranji haina sharti hilo. Miaka yote hiyo mkono wa Jamaldini ulikuwa ukila kabla yeye hajajiuliza, na wenzake wote walilelewa hivyohivyo. Haikuwahi kumjia mtu pale akilini kwamba chakula kinaweza kuachwa.

Mrisho akainamisha birika juu ya kikombe cha mama. Yakatoka machicha.

Jamaldini aliona aibu, kisha akaona hasira, na ile hasira ikamchangamsha. Akasimama, akaipangusa kofia yake vumbi, akazunguka mpaka mlangoni mwa duka.

— Alnashir! Toa ubao!

— Mzee wangu, hujachoka tu kufa?

— Panga, nimesema. Na malkia wako leo mlete mpaka mdomoni. Sili!