Kabla Mlango wa Maji Haujafungwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, Meneja wa mamlaka ya maji, wahandisi na mafundi, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu wa bondeni: poleni kwa jua, nami nitajitahidi nisiwaongezee.

Mmeniita nipokee cheti cha marehemu mume wangu, mwangalizi wa bwawa hili kwa miaka thelathini na mmoja. Nimekipokea kwa mikono miwili. Kazi yake wengi hamkuijua, maana kwa macho ilikuwa ndogo. Kila asubuhi alishuka chini ya tuta, pale maji yanapochuruzika, akatega ndoo ya lita kumi na kuhesabu sekunde mpaka ijae. Kisha alijaza chupa ya jamu, akaja kuiweka dirishani mwa jikoni kwetu. Alisema bwawa la udongo lililozeeka halikosi kuvuja; swali ni linavuja nini. Yakiwa maangavu, ni maji tu. Yakiwa na tope, bwawa lenyewe linaondoka, kidogo kidogo. Watoto wangu walikatazwa chupa ile kabla ya kukatazwa moto.

Mwaka mmoja alikwenda likizo. Nyuma yake ndoo ikapasuka, stoo wakatoa ya lita ishirini, na aliyeshika zamu akaendelea kuhesabu. Sekunde zikawa mara mbili. Ofisi ikaandika barua ya pongezi kwamba uvujaji umepungua kwa nusu. Mume wangu aliisoma, akaikunja taratibu, akaniambia, "Mama watoto, wamepongeza plastiki."

Mnacheka, hata sisi tulicheka. Alichukua ndoo yangu ya kufulia, ya lita kumi, sekunde zikarudi pale pale. Miezi sita baadaye zikaanza kupungua, yaani maji yanavuja kwa kasi zaidi, na chupa ikaingia ukungu wa tope. Safari hiyo ofisi ilimsikiliza. Maji yakashushwa, na ndipo ukarabati huu ukaanza. Hakuuona ukiisha.

Juzi nilifuata vitu vyake ofisini, nikafungua daftari la vipimo. Baada ya mwandiko wake kuishia, siku kumi na tisa mfululizo namba ni ile ile. Simlaumu mlinzi wa getini aliyeambiwa ajaze. Nani alimwonyesha njia ya kushuka? Lakini jamani, bwawa gani linavuja sawasawa siku kumi na tisa?

Nilimuuliza Meneja. Kwa upole aliniambia nafasi ya mwangalizi itatangazwa bajeti ikiruhusu. Namwelewa. Ila mlango wa maji ukifungwa leo, maji yataanza kupanda mchana huu huu, na wajukuu zangu wanalala chini ya tuta hili, kama wa kwenu.

Mheshimiwa, kabla hujauzungusha usukani ule wa mlango, naomba mfanyakazi mmoja atakayepima kila asubuhi asimame hapa, tumwone wote. Kesho asubuhi nitashuka naye nimwonyeshe pa kukanyaga, kwa kuwa njia niliyompelekea mume wangu chai miaka yote hiyo naijua, na jiwe la tatu linateleza.

Asanteni kwa kunisikiliza kwa utulivu. Akisimama yeye, mimi nitaketi.