Mwaka Matokeo Yetu Yalipozuiliwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule pamoja na walimu wote, wazazi wetu, wadogo zangu wanafunzi mliojipanga kule nyuma mkiomba hotuba ziishe mle, na kwa namna ya pekee wewe Mwalimu wetu unayestaafu leo, pamoja na mama aliyekuvumilia nyumbani miaka yote hii: nawaamkia nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimesimama kwa niaba ya wanafunzi wa zamani. Mkuu wa Shule amenitahadharisha kwamba shughuli hii ni ya furaha, nisije nikaitia shubiri. Nitajitahidi. Lakini tutamuagaje mtu huyu kwa keki na makofi, tukauruka mwaka ambao nusura aondoke hapa bila keki wala makofi?

Wadogo zangu, ninyi mmeikuta shule yenye jina. Sisi tuliikuta ikiburuza mkia. Katika mtihani wa kuingia chuo kikuu, hesabu ndiyo iliyokuwa ikituzika, na kila mwaka tulizikwa kwa pamoja. Ndipo akaja yeye, shati limechomekwa, chaki mfukoni, na kabla wiki haijaisha tulikuwa tumeshampachika jina la Kwa Nini. Alitunyang'anya vijitabu vya majibu tulivyokuwa tukivikariri kama kasuku. Akatuamuru kila mstari wa hesabu tuuandikie neno "kwa sababu", kisha tuieleze hiyo sababu. Tulinung'unika. Tulimwambia mtihani unataka jibu, hautaki hadithi. Akatujibu, "Jibu ulilokariri litakukimbia siku ukiogopa. Ulilolielewa litakaa."

Basi alama zikaanza kupanda. Jaribio la kwanza zilipanda kidogo, la pili zikatushangaza wenyewe, na siku ya mtihani tuliingia chumbani kama watu wanaokwenda kudai haki yao.

Matokeo yalipotoka, kila shule ilipata yake. Kwetu, mbele ya kila jina liliandikwa neno moja tu: Yamezuiliwa.

Baraza la mitihani lilikuwa limeona darasa la wazembe limegeuka ghafla kuwa la wajuzi, tena karatasi zote zina maneno yaleyale, kwa sababu, kwa sababu, mstari baada ya mstari. Ninyi mngefikiri nini? Mimi ningekuwa msahihishaji, ningefikiri vilevile.

Afisa wa baraza akaja, wazazi wakaitwa, na ni katika ukumbi huuhuu alimosema maneno yake. Atakayekiri kwa maandishi kwamba Mwalimu alimpa majibu, atasamehewa na kufanya mtihani mwakani. Atakayekataa, atahojiwa peke yake mbele ya jopo, na akishindwa, atafungiwa mitihani yote kwa miaka mitatu. Mwalimu alisimamishwa kazi palepale, akakatazwa kusema na mwanafunzi yeyote. Alipita katikati yetu kuelekea mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumwamkia.

Baba yangu yule pale, safu ya pili, fundi seremala, amevaa lile koti lake la kwenda kwenye harusi za watu. Nimemwomba ruhusa niyaseme ya nyumbani, akasema, sema.

"Mwanangu, tia sahihi," aliniambia. "Mwaka mmoja utapita. Mitatu itakuvunja."

"Baba, nikitia sahihi nimesema Mwalimu ni mwizi."

"Mwalimu ni mtu mzima, atajitetea. Mimi namtetea mwanangu."

Na hakuwa amekosea. Mama alikuwa akikunja nguo. Akaniuliza, "Uliiba?" Nikasema hapana. Akasema, "Sasa mnabishania nini?" Baba akatoka kwenda karakana, na siku zile zote hadi kuhojiwa kwangu nilisikia randa yake ikikwaruza mbao, lakini sauti yake sikuisikia.

Mwenzetu mmoja alitia sahihi. Simtaji, wala simlaumu. Mama yake alikuwa mgonjwa, naye ndiye kifungua mimba, na nyumba nzima ilikuwa ikimtazama yeye. Lakini sahihi hiyo moja ndiyo iliyotosha kumweka Mwalimu pabaya. Tukaambiwa waziwazi: sasa shahidi yupo.

Tulihojiwa maabara. Nilikuwa wa kwanza kuitwa. Watu watatu nyuma ya meza, katikati mwanamke mwenye miwani asiyetabasamu. Akanipa chaki na swali: mkulima ana wavu wa mita sitini, anataka kuzungushia bustani ya mstatili iliyoegemea ukuta, eneo kubwa kabisa analoweza kupata ni lipi? Chaki ikawa inalia ubaoni. Nikaandika mbiombio, nikapata mita za mraba mia mbili ishirini na tano.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikasema nimemaliza. Akasema nieleze. Nikaanza juu, mstari wa kwanza, kwa sababu pande za bustani ni nne, na hapo ulimi ukagoma. Ukuta. Upande wa ukuta hauhitaji wavu. Bwana aliyekaa kushoto alikwishaandika kitu na kukipigia mstari. Niliiona miaka mitatu ikinifungia mlango, na Mwalimu akifungasha vyombo vyake.

"Naomba kufuta," nikasema.

Nikafuta. Nikaanza upya na pande tatu, polepole, nikisema kila hatua kwa sauti, mpaka nikafika mia nne na hamsini. Yule mama akaupitia ubao mstari kwa mstari.

"Hakuna aliyekuambia kwamba umekosea. Umejuaje?"

"Nilipofika kwenye sababu, sikuwa nayo."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia nitoke, nimwite anayefuata.

Tulihojiwa wote. Kisha tukakaa majumbani tukisubiri, na kusubiri kule, ndugu zangu, siwatakii hata maadui. Hatimaye jopo likaridhika kwamba majibu yalikuwa yetu wenyewe, matokeo yakatolewa, ya wote isipokuwa aliyekiri. Mwalimu akarudishwa kazini. Kuombwa radhi, hakuombwa. Jumatatu aliingia darasani na kufungua ukurasa uliofuata.

Leo mimi ni mpima ardhi, na mtu angetarajia niishie hapo, nimsifu kwa kutupandisha alama. Lakini si hilo lililonileta mbele yenu.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudishwa, Mwalimu alikwenda nyumbani kwa yule aliyetia sahihi. Mama mtu ndiye aliyenisimulia. Kijana alipomwona getini alijifungia chumbani. Mwalimu hakuugonga mlango huo. Akaketi kwenye kizingiti cha nje, akamwambia mama kwa sauti ya kusikika hadi ndani: "Nimekuja kwa ajili ya mtihani wa mwakani. Nitakaa hapa. Akiwa tayari, tutaanza na mlinganyo." Alikaa mpaka jua likampata usoni. Mlango ukafunguka. Mwaka ule mzima, kila Jumamosi, alimfundisha mtu ambaye sahihi yake ilikaribia kumpotezea kazi. Kijana alifaulu. Alinipita kwa alama nne, na kila tukikutana hunikumbusha.

Yumo humu ukumbini. Aliniomba nisimtaje, na nimelitunza ombi lake mpaka sasa. Aliniambia kuna neno ambalo kwa miaka yote hii amekuwa akija nalo kwako, Mwalimu, na kurudi nalo nyumbani. Nilikubali kulisema kwa niaba yake.

Lakini naona kuna mtu amesimama kule safu ya mwisho, naye hakuambiwa asimame. Basi hilo neno si langu tena. Mwalimu, tafadhali geuka, yuko nyuma yako. Mpisheni apite.

Kwangu mimi imetosha. Ahsanteni kwa kunipa masikio yenu.