Hereni ya Ng'ombe wa Kasmiri

Mwaka ule sukari ilikuwa imeanza kurudi madukani Musoma, na kijiwe cha Nyasho kikafufuka. Benchi lilikuwa lile lile, mbele ya banda la fundi baiskeli, na kahawa ile ile ya Stanislausi, mchuuzi wa birika. Asubuhi hiyo Kasmiri hakukaa kwa raha. Kesho yake alitakiwa apeleke Bunda ndama wa kumalizia mahari ya mwanawe, na ndama huyo alizaliwa na ng'ombe wa maziwa ambaye Kasmiri alipewa na mradi wa watu wa ng'ambo. Sikioni mwa ng'ombe huyo kulikuwa na hereni ya plastiki yenye neno la Kiingereza: DONATED.

— Maana yake kutoa, alisema Kasmiri. Wametoa, nimepokea. Basi.

— Kutoa kupi? aliuliza Magesa, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Sikio lenye alama lina mwenyewe, bwana.

Hapo kila mtu akakaa vizuri. Kwao, mwenye ng'ombe wengi humpa jirani mmoja amtunzie. Maziwa ni ya mtunzaji, ndama ni wa mwenye mali. Ng'ombe akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi aione. Kutoa mahari ndama wa namna hiyo ni kujitafutia aibu ukweni.

Masatu, aliyeitwa Padri kwa sababu zamani aliimba kwaya ya Kilatini, alisema Waingereza waliliokota neno hilo kanisani. Kwenye misa ya zamani ya Kilatini, neno dona lilikuwa la kumwomba Mungu atoe amani.

— Na amani yenyewe alikuwaga anaichukua tena, akasema Redio. Si tulienda vitani juzi juzi?

Kisha akaenda mbali zaidi. Neno asili yake ni huku huku: Wazungu wa machimbo ya dhahabu ya Buhemba walijifunza kwa wazee kutunzishana ng'ombe, wakaondoka na mila pamoja na jina. Siku moja watashuka na meli bandarini Mwigobero, waje kuhesabu ndama wao.

Benchi likacheka. Kahawa ya Kasmiri ilikuwa imepoa mkononi.

Mbuke, muuza dagaa, alikuwa ametua beseni lake kupumzika. Alisikiliza, akauliza:

— Shemeji Kasmiri, huyo ng'ombe akifa, ngozi unampelekea nani?

Padri akasogeza kikombe chake, Stanislausi akainamisha birika, yakatoka mashapo.

— Wewe nenda kauze dagaa zako, akasema Redio, kwa sauti ndogo.

Kasmiri alikuwa ameshainuka, anamwomba fundi baiskeli kipande cha kamba ya kumfungia ndama wa mahari.